Kuchagua chuo kikuu kidogo cha umma nchini Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwombaji anayetoka nje ya Japani, awe anatafuta shahada ya kwanza, ya uzamili au ya uzamivu. Ada zilizotajwa ni za vyuo vyenyewe, lakini hubadilika. Kabla ya kutuma hata yeni moja, soma mwongozo wa udahili wa mwaka wako.

Kwa Kijapani, "chuo cha umma" ni kipi hasa?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Japani ina makundi matatu ya vyuo vikuu. Kokuritsu ni vya taifa, kama University of Tokyo na Tohoku University. Koritsu ni vya mkoa, vya jiji, au vya manispaa kadhaa zilizoungana. Shiritsu ni vya binafsi, na ndivyo vingi kuliko vyote. Sisi tungeyaita makundi mawili ya kwanza "vyuo vya umma", lakini ada zao, kanuni zao na nafasi zao hazifanani. Ukurasa huu ni wa koritsu.

Neno shiritsu lenyewe lina mtego: likiandikwa kwa herufi nyingine, linatamkwa vilevile na maana yake ni "cha jiji". Wajapani wenyewe hulazimika kusema "watakushiritsu" kwa cha binafsi na "ichiritsu" kwa cha jiji ili waelewane.

Nitajuaje kwamba nimepata chuo ninachokitafuta?

Usitegemee jina la Kiingereza. Mkoa wa Kochi peke yake una Kochi University (cha taifa), University of Kochi (cha mkoa) na Kochi University of Technology (nacho cha umma). Nagasaki University ni cha taifa, ilhali University of Nagasaki ni cha mkoa. Waombaji hupeleka barua za wadhamini zenye jina la chuo jirani, na barua ya namna hiyo haina kazi. Nakili jina la Kijapani kutoka kwenye tovuti ya chuo, uliweke juu ya kila karatasi na kila barua pepe.

Kwa nini mkoa uwe na chuo chake, na mimi yananihusu nini?

Kwa sababu ya vijana. Wajapani wenye umri wa miaka 18 walikuwa takriban milioni 2.05 mwaka 1992. Mwaka 2024 walikuwa kama milioni 1.06. Mikoa ya pembeni huwaona watoto wake wakimaliza sekondari na kupanda treni kwenda Tokyo au Osaka bila kurudi. Chuo cha umma huendeshwa kwa fedha za mkoa au jiji, ambalo nalo hupata mgao wa kodi kutoka serikali kuu. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vya binafsi viligeuzwa kuwa vya umma: Kochi University of Technology mwaka 2009, Nagaoka Institute of Design mwaka 2014, Suwa University of Science mwaka 2018.

Kwako wewe maana yake ni hii: walipakodi wa mkoa wanakuchangia ada, lakini wangependa watoto wao watangulie. Ukilielewa hilo, mengi ya ajabu kwenye mwongozo wa udahili yanaeleweka, kuanzia ada ya kujiunga.

Je, ni nafuu kuliko chuo cha taifa?

Si lazima, na wengi hawaamini mpaka wapige hesabu. Kiwango cha kawaida cha vyuo vya taifa ni ada ya kujiunga yeni 282,000, inayolipwa mara moja, na karo ya yeni 535,800 kwa mwaka. Miaka minne: yeni 2,425,200.

Chukua University of Aizu, cha mkoa wa Fukushima. Karo ni yeni 520,800 kwa mwaka, chini kidogo ya ile ya taifa. Lakini ada ya kujiunga ni 282,000 kwa mkazi wa mkoa na 564,000 kwa mtu wa nje, na wewe ni mtu wa nje. Miaka minne: 2,647,200. Akita International University hutoza karo ya 696,000 kwa mwaka na ada ya kujiunga ya 423,000 kwa asiye mkazi wa Akita. Miaka minne inafika 3,207,000.

Kwa upande mwingine, vyuo vya taifa navyo vinapanda. University of Tokyo ilipandisha karo hadi 642,960 kwa wanaoanza Aprili 2025, na Tohoku University imetangaza karo ya 900,000 kwa wanafunzi wa kigeni kuanzia 2027. Kwa hiyo linganisha chuo kwa chuo, siyo kundi kwa kundi. Unafuu mkubwa wa chuo kidogo mara nyingi hauko kwenye karo, uko kwenye kodi ya nyumba. Chumba cha mtu mmoja katika mji kama Aizuwakamatsu, kilipo chuo cha Aizu, huweza kupatikana kwa yeni 30,000 hadi 40,000 kwa mwezi, pesa ambayo Tokyo ni vigumu kukupatia chumba cha maana.

Jambo la kuuliza: nani huhesabiwa mkazi? Mara nyingi ni mwombaji au mzazi aliyeandikishwa mkoani kwa mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Anayesoma shule ya lugha katika mkoa uleule aulize mapema kama anaingia humo.

Masomo ni kwa Kiingereza?

Kwa kawaida hapana. Shahada ya kwanza katika koritsu nyingi hufundishwa kwa Kijapani tupu, hata kama tovuti ya Kiingereza imepambwa kwa picha za wageni wanaocheka. Vipo vichache vya kweli. Akita International, kilichofunguliwa mwaka 2004, hufundisha masomo yake kwa Kiingereza, hupokea wanafunzi wapya wasiofika 200 kwa mwaka, huwaweka wa mwaka wa kwanza bwenini, na hudai mwaka mmoja wa masomo nje ya Japani. Mwaka huo upangie bajeti yake: unaendelea kulipa karo Akita, na chakula na malazi huko uendako ni juu yako. University of Aizu, kilichofunguliwa 1993, ni cha kompyuta tu, na kina mkondo wa shahada ya kwanza kwa Kiingereza.

Uzamili na uzamivu ni habari nyingine. Katika sayansi na uhandisi, vyuo vingi vidogo hukubali tasnifu ya Kiingereza. Swali sahihi la kuuliza ofisi ya udahili ni hili: "Je, ninaweza kupata alama zote za kuhitimu kwa masomo ya Kiingereza pekee?" Ukiuliza tu kama kuna masomo ya Kiingereza utaambiwa ndiyo, kisha uje ukute ni matatu.

Nina cheti cha kidato cha nne. Kinatosha?

Japani inadai miaka 12 ya shule kabla ya chuo kikuu. Tanzania na Uganda, mfumo wa 7-4-2 unakupa 13 ukimaliza kidato cha sita, lakini 11 tu ukiishia cha nne, kwa hiyo cheti hicho peke yake hakitoshi. Kenya, 8-4 inatimiza 12. Kongo, sita za msingi na sita za sekondari zinatimiza pia.

Kwa uzamili hesabu ni miaka 16. Tanzania, 13 na shahada ya miaka mitatu ni 16, sawa kabisa. Kenya, 12 na 4, sawa. Wenye shida ni waliosoma 12 kisha shahada ya miaka mitatu, kama ilivyo kwa wengi wa Burundi na Kongo chini ya mfumo mpya wa shahada: wanafika 15. Mlango haujafungwa, lakini huenda ukahitaji uchunguzi wa sifa wa mtu mmoja mmoja, ambao huombwa kabla ya maombi yenyewe na una tarehe yake ya mwisho. Watu huikosa tarehe hiyo kwa sababu imeandikwa kurasa kumi kabla ya fomu wanayoijaza.

EJU ni nini, na naweza kuifanya nyumbani?

Ni mtihani wa wanafunzi wa kigeni wa kuingia vyuo vya Japani, unaofanywa Juni na Novemba. Una Kijapani (alama 450), hisabati (200), sayansi mbili kati ya fizikia, kemia na baiolojia (200), au somo la Japani na Dunia (200). Vituo vya nje ya Japani viko karibu vyote Asia. Afrika Mashariki hakuna. Kwa hiyo anayeomba akiwa Dar es Salaam au Mombasa hubaki na njia tatu: kozi za Kiingereza zisizotaka EJU, ufadhili wa ubalozi wenye mtihani wake, au kwenda kwanza shule ya lugha Japani.

Masomo yasiyo ya Kijapani unaweza kuyafanya kwa Kiingereza, lakini tazama kama chuo chako kinakubali. Baadhi hudai lugha ya mtihani iwe Kijapani, na alama zako za hisabati zilizofanywa kwa Kiingereza hazitasomwa. JLPT, mtihani wa kupima kiwango cha Kijapani, ni tofauti na hauchukui nafasi ya EJU pale EJU inapotajwa.

Mwongozo unasema nafasi ni "jakkan mei". Ni ngapi?

"Wachache." Inaweza kuwa watatu, inaweza kuwa mmoja, na chuo kina haki ya kutochukua yeyote. Usiweke mayai yote kwenye kapu hilo.

Maombi hukwama wapi?

Kwenye pesa na posta, kabla hata ya masomo.

Ada ya maombi ni kawaida yeni 17,000 kwa shahada ya kwanza na 30,000 kwa uzamili. Ukituma kwa benki, benki za njiani hukata chao, na chuoni zinafika 14,500. Kwa chuo, hujalipa. Mwambie karani wa benki kwamba gharama zote ni za mtumaji, na uangalie kwamba neno "OUR" limeandikwa kwenye fomu ya kutuma. Hata hivyo benki ya Kijapani inayopokea inaweza kukata tena. Uliza ofisi ya udahili kama wanapokea kadi, ambayo ni salama zaidi.

Kisha tarehe. Ukiona neno 必着 (hitchaku) kando ya tarehe, bahasha iwe imefika siku hiyo. Ukiona 消印有効 (keshiin yuko), muhuri wa posta wa siku hiyo unatosha. Herufi hizo zina tofauti ya wiki mbili kwako uliye mbali, na ni vizuri kuzitambua kwa sura hata kama husomi Kijapani. Tumia huduma ya haraka inayofuatiliwa kwa namba.

Vyeti visivyo vya Kijapani wala Kiingereza huhitaji tafsiri iliyothibitishwa. Usitume cheti halisi mahali ambapo nakala iliyogongwa muhuri inakubalika, kwa sababu nyaraka zilizopokelewa hazirudishwi. Ada ya kujiunga nayo hairudishwi, hata ukinyimwa viza.

Nataka uzamili. Nianze na chuo au na profesa?

Profesa, na usiruke hatua hii. Vyuo vingi hutaka upate naidaku, yaani kukubaliwa kwa mdomo na msimamizi, kabla ya fomu. Katika chuo kidogo fani yako inaweza kuwa na mtu mmoja tu, na hilo linakata pande mbili. Utamwona kila wiki ana kwa ana, si msaidizi wake. Lakini akihamia chuo kingine au akistaafu, hakuna wa kukuokota.

Mtafute kwenye researchmap, hifadhi ya watafiti wa Japani, na kwenye KAKEN, ambako miradi inayopewa fedha za serikali huorodheshwa pamoja na kiasi na mwaka wa kuisha. Angalia mambo mawili. Je, ana mradi utakaokuwa hai katika miaka yako yote? Na alipata shahada yake ya kwanza mwaka gani? Umri wa kustaafu ni kawaida miaka 65; aliyehitimu 1985 huenda amebakisha miaka michache mno kwa mwanafunzi wa uzamivu.

Barua pepe ya kwanza iwe fupi: wewe ni nani, makala yake gani umesoma na nini ndani yake kimekuhusu, unapendekeza kuchunguza nini, fedha zitatoka wapi. Ambatisha wasifu na pendekezo la kurasa mbili. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa watano wa chuo kidogo hujulikana siku ileile, kwani wanakula chakula cha mchana pamoja.

Ufadhili upo?

Upo, ila si pale wengi wanapotazama kwanza. Msamaha mkubwa wa karo ulioanzishwa na serikali mwaka 2020 ni wa Wajapani na wakazi wa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi hahusiki. Kilichobaki ni hiki:

- Ufadhili wa MEXT, Wizara ya Elimu ya Japani. Kwa njia ya ubalozi, maombi hufunguliwa kwa kawaida kati ya Aprili na Juni kwa safari ya mwaka unaofuata. Posho imekuwa yeni 117,000 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza na 144,000 kwa uzamili, karo na tiketi juu yake.
- Posho ya JASSO, shirika la Japani la huduma kwa wanafunzi, ya yeni 48,000 kwa mwezi, kwa wanaojilipia wenye alama nzuri. Chuo ndicho kinachokupendekeza. Katika chuo chenye wageni wachache, foleni ni fupi.
- Mpango wa ABE wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, kwa Waafrika, uliotangazwa kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, wa 2013, kwa uzamili.
- Mipango ya chuo chenyewe. Kochi University of Technology, kwa mfano, ina mpango maalumu wa wanafunzi wa uzamivu wa kigeni unaosamehe ada na kulipa kazi ya utafiti.

Viza huchukua muda gani?

Chuo hukuombea Cheti cha Ustahiki wa Ukaazi kwa idara ya uhamiaji. Hesabu mwezi mmoja hadi mitatu. Kikitoka kinadumu miezi mitatu, nawe unakipeleka ubalozini pamoja na pasipoti. Kinachochelewesha ni taarifa ya benki. Akaunti iliyokuwa tupu mwaka mzima kisha ikapata yeni milioni mbili wiki iliyopita huleta maswali. Kama mjomba ndiye mlipaji, weka barua yake ya ajira, taarifa yake ya benki ya miezi kadhaa, na uthibitisho wa udugu wenu.

Ukifika, una siku 14 tangu upate makazi kujiandikisha ofisi ya jiji. Hapohapo unaingia bima ya afya ya taifa, inayolipa asilimia 70 ya matibabu. Jaza fomu ya kipato hata kama kipato ni sifuri. Usipoijaza, hupewi punguzo. Kama umefika miaka 20, utapata pia bili ya pensheni, yeni 16,980 kwa mwezi katika mwaka wa fedha 2024. Usiitupe wala usiilipe kwa hofu: omba uahirisho wa wanafunzi kwenye dirisha lilelile.

Kibarua kitalipa karo?

Hapana. Unaruhusiwa saa 28 kwa wiki, baada ya kupata kibali unachoweza kukiomba uwanja wa ndege siku ya kufika. Kima cha chini cha mshahara Akita tangu Oktoba 2024 kilikuwa yeni 951 kwa saa, Tokyo 1,163. Kwa kima hicho, saa zote 28 Akita ni kama yeni 106,500 kwa wiki nne, na hilo linalisha na kulipa chumba, basi. Tena mji mdogo una maduka machache, na mengi hutaka Kijapani cha kuongea na mteja. Ukizidisha saa, kumbukumbu za kodi zinaonyesha, na viza hairefushwi.

Baridi ni kali kiasi gani?

Akita na Aizu ni nchi ya theluji nzito, Desemba hadi Machi. Nyumba nyingi za kupanga hupashwa moto kwa mafuta ya taa, yanayouzwa kwenye dumu jekundu la plastiki la lita 18. Dumu moja katikati ya baridi huisha kabla ya wiki mbili ukiliachia jiko. Lingine ambalo mwenye nyumba husahau kulieleza ni mizunuki. Usiku joto likishuka chini ya nyuzi nne chini ya sifuri, unageuza koki ya kukausha mabomba na kufungua mifereji maji yatoke yote. Usipofanya hivyo bomba hupasuka, na bili ni yako. Muulize koki iko wapi siku ya kupewa ufunguo.

Kochi na Miyazaki, kusini, hawana habari hizi. Wana vimbunga.

Fukushima ni salama?

Aizuwakamatsu iko kama kilomita 100 magharibi ya kituo cha nyuklia kilichopata ajali mwaka 2011, na milima katikati. Mkoa una kilomita za mraba 13,784, wa tatu kwa ukubwa Japani. Jina la mkoa linabeba eneo kubwa kuliko eneo la ajali.

Mwislamu atakula nini?

Msikiti karibu usiutarajie kwenye mji mdogo. Maduka ya Gyomu Super huuza kuku wa halali wa kugandishwa kutoka Brazil; tafuta alama kwenye mfuko. Jifunze herufi za 豚 (nguruwe), ラード (mafuta yake), ゼラチン (jelatini) na 酒 (pombe), maana hata mkate na mchuzi wa tambi huweza kuwa navyo. Unga wa ugali huagizwa mtandaoni.

Shahada itatambuliwa nyumbani?

Koritsu kina hadhi ya kisheria sawa na chuo cha taifa. Mtanzania atapeleka cheti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa utambuzi, naye afanye vyema kuuliza TCU kabla ya kuondoka. Mkenya ataanzia KNQA, mamlaka ya sifa za elimu ya Kenya. Omba chuo nakala za Kiingereza za cheti na matokeo, zilizofungwa kwa muhuri, tano kwa pamoja, ukiwa bado upo Japani.

Jina langu lina maneno matatu. Ni tatizo?

Ni kero inayozuilika. Japani haina jina la kati, na kadi ya ukaazi hunakili pasipoti yote. Ukijiandikisha chuoni kwa majina mawili, benki kwa matatu na bima kwa mpangilio mwingine, malipo ya posho hurudi yalikotoka. Amua siku ya kwanza jinsi jina lako zima linavyoandikwa kwa katakana (herufi za Kijapani za maneno ya kigeni), liandike kwenye kipande cha karatasi, na ukikabidhi kipande hichohicho chuoni, benki na ofisi ya jiji. Kama vyeti vya shule na pasipoti havilingani, fanya hati ya kiapo nyumbani kabla ya kuomba.